Kabla Hujapima Mwili Mzima

Kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote hakihitaji hata tone la damu. Mkanda unafungwa mkononi, unajaa upepo, unabana, unaachia, na zinabaki namba mbili. Daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, aliutambulisha mkanda huo mwaka 1896. Miaka tisa baadaye daktari wa Urusi, Nikolai Korotkov, akaeleza namna ya kusikiliza mshipa kwa kifaa cha masikioni wakati mkanda unaachia, na ndipo tukazipata namba ya juu na ya chini tunazozijua leo. Kifaa kina zaidi ya karne moja. Pamoja na hayo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wazima zaidi ya bilioni 1.2 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la damu, na karibu nusu yao hawajui kama wanalo.

Hawajui kwa sababu haliumi. Kila ninapoligusia jambo hili kuna mtu ataniambia, "Ningekuwa na presha ningejua, kichwa kingegonga." Wapi! Presha ya 160 inaweza kukaa na mtu miaka na miaka, analala vizuri, anapanda ngazi, anacheka na wenzake, huku mishipa midogo ya figo, ya macho na ya ubongo ikichakaa kimyakimya. Siku atakayojua inaweza kuwa ndiyo siku ya kiharusi.

Lakini kupima peke yake hakumwokoi mtu. Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, alikuwa na daktari wake mwenyewe na alipimwa presha mara nyingi tu. Mwaka 1941 ilisoma 188/105. Daktari aliiona ni hali ya kawaida kwa mtu wa umri ule. Tarehe 12 Aprili 1945 Roosevelt alilalamika kuwa kichwa kinamuuma vibaya sana, akapoteza fahamu, na mkanda ulipofungwa ukaonyesha 300/190. Alifariki siku hiyohiyo akiwa na miaka 63. Tusiwaonee madaktari wa zama zile: dawa za maana za presha zilikuwa bado, na wengi wao waliamini kuwa mishipa ya mzee inahitaji msukumo mkubwa. Mwaka 1948 ndipo ulipoanza utafiti wa Framingham, katika jimbo la Massachusetts, uliowafuatilia watu 5,209 kwa miaka mingi na kuonyesha kuwa presha, kolesteroli na sigara ndivyo vinavyomwandalia mtu ugonjwa wa moyo mapema kabla hajasikia chochote.

Kisa cha Roosevelt ndicho kinachoongoza mawazo yangu yote kuhusu kupima afya. Namba zilikuwepo, zimeandikwa vizuri, na hazikubadilisha kitu. Ndiyo maana siku hizi, mtu akiniambia anakwenda kuchekiwa afya, swali langu la kwanza ni moja: jibu likitoka hivi utafanya nini, na likitoka vile utafanya nini? Kama ni lilelile, basi kipimo hicho kina shida.

Turudi kwenye mkanda kidogo, maana hapa nina kisirani. Mtu ameingia akihema, anakalishwa ukingoni mwa kitanda miguu inaning'inia, mkanda unafungwa juu ya shati, na wakati unabana muuguzi anamuuliza jina la dawa anazotumia naye anajibu. Namba itakayotoka hapo ni ya mtu mwingine kabisa. Utaratibu unaokubalika ni kukaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini bila kukunja nne, mkono umewekwa juu ya kitu usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi, kibofu kitupu, na nusu saa kabla ya hapo bila kahawa, sigara wala mazoezi. Na usiongee. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba. Mkono ukining'inia unapandisha. Mkojo uliobana unapandisha. Makosa mengi yanaelekea juu, kwa hiyo wapo watu wanaomeza dawa kwa presha ya ngazi walizopanda. Wapo pia ambao damu yao hupanda wakiona tu koti jeupe, na nyumbani wako salama. Usiruhusu uamuzi wa maisha ufanywe kwa kipimo kimoja. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, unahesabiwa una shinikizo la damu pale ambapo siku mbili tofauti namba ya juu imefika 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi. Nchi nyingine zimeshusha mstari hadi 130/80, na ukibishana na mtu juu ya hilo mnaweza kuwa nyote mko sahihi.

Sukari nayo ina ukimya wake. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula, kikifika 7.0 kwa mashine zinazosoma milimoli (126 kwa zinazosoma miligramu), kinaelekeza kwenye kisukari, na kwa asiye na dalili hurudiwa kabla ya kumpa jina hilo. Lakini kipimo kinachonivutia zaidi ni HbA1c, kwa sababu hakidanganyiki. Chembe nyekundu ya damu huishi takribani siku 120, na muda wote huo sukari inaendelea kujibandika juu yake. Ukipima kiasi kilichobandika unapata picha ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Yule anayejinyima wiki moja kabla ya kwenda hospitali, halafu anajivunia majibu mazuri, hapa hana pa kujificha. Asilimia 6.5 na kuendelea ni kisukari. Kati ya 5.7 na 6.4 ni ile hali ya kuelekea huko, na hapo ndipo pa kupigania, kwa kuwa uzito ukipungua na miguu ikitembea wengi hurudi nyuma. Mwenye upungufu mkubwa wa damu au selimundu amwambie daktari kabla, maana chembe zake haziishi muda uleule na jibu linaweza kupotosha.

Sasa nifike kwenye ile karatasi. Rafiki yangu mmoja alinitumia picha ya majibu ya "kupima mwili mzima": kurasa kadhaa, orodha ndefu, na namba chache zimewekewa nyota nyekundu. Hakuwa anaumwa popote. Alitaka kujua kama anakufa.

Nilimweleza jambo ambalo ningependa liandikwe juu kabisa ya karatasi hizo. Kile kiwango kinachoitwa cha kawaida, kwa vipimo vingi, hupatikana kwa kupima watu wazima wenye afya na kuchukua asilimia 95 ya katikati. Maana yake, kwa kila kipimo, watu 5 kati ya 100 wasio na ugonjwa wowote wataangukia nje ya mstari. Pima vitu 20 visivyotegemeana, na uwezekano wa mtu mwenye afya kutoka salama kwenye vyote ni kama asilimia 36. Waliobaki, karibu wawili kati ya watatu, wataondoka na angalau nyota moja. Hiyo nyota itazaa kipimo kingine, kipimo kitazaa picha, picha itazaa sindano ya kuchukua kinyama.

Vibaya zaidi ni vile vipimo vya damu vya "kutafuta saratani" vinavyochomekwa kwenye vifurushi. CA-125, kwa mfano, ina kazi yake ya kumfuatilia mwanamke anayetibiwa saratani ya ovari. Kwa mwanamke asiye na dalili hupanda kwa uvimbe wa kawaida wa kizazi, kwa ujauzito, hata kwa hedhi. Chukua kipimo cha kubuni kinachokamata wagonjwa 9 kati ya 10 na kuwaachia wazima 9 kati ya 10. Kinasikika kizuri. Wapime watu 1,000 ambao kati yao 10 ndio wagonjwa. Utawakamata 9. Lakini kati ya wazima 990, 99 nao wataambiwa wana tatizo. Watu 108 watalala macho usiku huo, na 99 kati yao hawana kitu.

Wazo la kumpima mtu mzima asiyeumwa si geni. Daktari Horace Dobell alilihubiri London mwaka 1861. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni za bima ya maisha za Marekani zikalishika, kwa hesabu zake za kibiashara, na mwaka 1922 chama cha madaktari wa nchi hiyo kikaliunga mkono. Kupima kila mwaka, kila kitu, kila mtu. Halafu mwaka 1979 jopo la wataalamu wa Kanada likasema tuachane na chekapu ya mwaka ya jumla, badala yake kila mtu apimwe yanayomhusu kwa umri na jinsia yake. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kuchambua majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 17 yenye watu zaidi ya 250,000 na kukuta kuwa kualikwa kwenye chekapu ya jumla hakukupunguza vifo, au kulipunguza kwa kiasi kisichoonekana.

Matokeo hayo hupenda kutumiwa vibaya, hasa na watu wanaotafuta sababu ya kutokwenda hospitali. Soma vizuri: majaribio hayo yaliwalinganisha walioalikwa na watu ambao tayari wana daktari wanayemwona kwa mafua na mgongo, na daktari huyo huwapima presha hapohapo. Mtu ambaye hajafungwa mkanda tangu amalize shule hayumo kwenye ulinganisho ule. Kilichoshindwa ni kapu la vipimo bila kuchagua. Presha, sukari, saratani ya mlango wa kizazi na ya utumbo mpana vina ushahidi wake vyenyewe.

Na namna ya kuchagua ipo. Mwaka 1968 James Wilson na Gunnar Jungner waliliandikia Shirika la Afya Duniani masharti kumi ambayo bado yanasimama. Kwa ufupi: ugonjwa uwe mzito, uwe na kipindi cha kujificha ambacho kipimo kinaweza kuufikia, tiba iwepo na ijulikane nani anaistahili, mahali pa kumtibu pawepo, watu wakubali kipimo chenyewe, na kazi iwe ya kuendelea, isiwe zoezi la siku moja lenye maturubai. Hilo la mwisho nalipenda sana.

Saratani ya mlango wa kizazi inatimiza masharti hayo kuliko nyingine yoyote. Chanzo chake kinajulikana: virusi vya HPV, ugunduzi uliompa Harald zur Hausen Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kutoka kuambukizwa hadi saratani ni safari ya miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida, na miaka 5 hadi 10 kwa ambaye kinga yake imedhoofika, kwa mfano mwenye VVU asiyetumia dawa. Muda wote huo kuna seli zinazoonekana na zinazoweza kuondolewa kabla hazijawa saratani. Zamani kilikuwepo kipimo cha George Papanicolaou tu, cha kuangalia seli kwa darubini; sasa kinachopendekezwa kwanza ni kutafuta vinasaba vya virusi vyenyewe, kuanzia miaka 30, na kurudia kila baada ya miaka 5 hadi 10. Wenye VVU waanze miaka 25 na kurudia kila miaka 3 hadi 5. Mwanamke anaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti laini, jambo ambalo limewaondolea aibu wengi. Pasipo na maabara, mhudumu hupaka siki ya hospitali na kuangalia kwa macho sehemu iliyogeuka nyeupe. Hapa jibu la swali langu liko wazi: kikionekana kitu, kinachomwa au kugandishwa kwa baridi, mara nyingi siku hiyohiyo, na mtu anarudi nyumbani.

Utumbo mpana una habari inayofanana. Vinyama vidogo huota ukutani na huchukua kama miaka kumi kugeuka saratani, visivyogeuka vikiwa ndivyo vingi. Unaweza kupima choo kila mwaka au kila miaka miwili kutafuta damu isiyoonekana kwa macho, au ukaingiziwa kamera ambayo ikiwa safi hairudiwi hadi miaka kumi. Nchi nyingine huanza miaka 50, nyingine 45. Watu huikwepa kwa sababu ya haya. Ila daktari anayeona kinyama anakikata papo hapo, na saratani ambayo ingekuja haiji.

Kwa wanaume, kila mtu anaongelea tezi dume na utani wa kidole. Ukweli haujanyooka hivyo. Kipimo cha damu cha PSA hupanda kwa saratani, lakini pia kwa tezi iliyokua tu kwa uzee, kwa maambukizi, hata kwa kumwaga manii siku moja kabla. Saratani nyingi za tezi dume hukua polepole kiasi kwamba mwenyewe angekufa kwa jambo lingine, na matibabu yanaweza kumwachia shida ya mkojo na ya nguvu za kiume. Jopo la wataalamu la Marekani lilishauri mwaka 2012 kipimo hiki kisitumike kwa wasio na dalili, kisha mwaka 2018 likalegeza: kati ya miaka 55 na 69, mwanaume azungumze na daktari na aamue. Wenye asili ya Kiafrika, na wenye baba au kaka aliyeugua, wako kwenye hatari kubwa zaidi na mazungumzo yao yaanze mapema. Mimi naona mwanaume anayepima PSA bila mazungumzo hayo amenunua wasiwasi.

Ukitaka kuona kupima kukivuka mpaka, tazama Korea Kusini. Mwaka 1999 nchi ilianzisha mpango wa kitaifa wa uchunguzi wa saratani. Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, haikuwemo, lakini hospitali zikawa zinaongeza ultrasaundi ya shingo kwa malipo madogo. Kufikia 2011 idadi ya waliokutwa na saratani hiyo ilikuwa mara 15 ya mwaka 1993. Vifo? Vilevile. Maelfu walitolewa tezi, wakabaki kumeza homoni maisha yao yote, wengine sauti zikaharibika, kwa uvimbe ambao usingewadhuru. Mwaka 2014 madaktari wa hukohuko walipopaza sauti, upasuaji ukashuka kwa kasi.

Kuna kipimo kisichohitaji maabara ambacho wengi wetu hatujakifanya, nacho ni kuwauliza wazee. Nilipoanza kuuliza kwetu, shangazi yangu alinitazama. "Wewe mtoto, unatufukulia makaburi?" Nikamwambia, "Shikamoo shangazi, nafukua yangu mapema." Alicheka, akaanza kusema. Shida ni kwamba vifo vya ukoo vimehifadhiwa kwa lugha isiyo ya hospitali. Fulani alianguka tu bafuni. Fulani tumbo lilivimba. Fulani kidonda cha mguu kilikataa kupona, wakaukata. Usiandike hayo na kuondoka. Uliza alikuwa na umri gani, alikuwa akinywa maji na kukojoa sana, uso ulipinda, alikuwa ameanza kuwa wa manjano? Aliyeanguka akapooza upande mmoja akiwa na miaka 48 anakwambia ufunge mkanda leo. Mwenye kidonda huenda alikuwa na kisukari. Na umri ndio unaobadilisha mambo: kama mzazi au ndugu wa tumbo moja alikutwa na saratani ya utumbo akiwa na miaka 45, ushauri unaotumika sana ni wewe kuanza miaka kumi kabla, yaani 35, bila kusubiri 45 au 50 ya watu wengine. Aliyekufa na miaka 88 hakubadilishii ratiba kwa kiasi hicho.

Chanjo nazigusa tu kwa kuwa hazina mjadala mrefu. Watu wazima hudhani zimekwisha utotoni. Pepopunda hurudiwa, nchi nyingi kila miaka 10. Homa ya ini B: pima angalau mara moja maishani, kwa maana watu milioni 254 walikuwa wakiishi nayo mwaka 2022 na wengi hawajui; ukikutwa huna na hukuchanjwa, chanjwa, dozi kwa kawaida ni tatu. Wazee na wenye magonjwa sugu wana chanjo zao za mafua na nimonia, na kuanzia miaka 50 nchi kadhaa hutoa ya mkanda wa jeshi. Presha ya macho nayo isisahaulike baada ya miaka 40: huanza kula pembeni mwa uoni, haiumi, na kilicholiwa hakirudi. Aliyekupima msukumo wa jicho bila kuangalia mshipa wa nyuma amefanya nusu.

Kipo pia kipimo cha maswali mawili. Katika wiki mbili zilizopita, umekuwa ukikosa hamu au raha ya kufanya mambo? Umekuwa ukijisikia mnyonge, mwenye huzuni au usiye na matumaini? Ni uchunguzi wa sonona unaotumika duniani, na unachukua muda mfupi kuliko kufunga mkanda. Ni nadra kuusikia ukiulizwa.

Niongeze jambo moja linalochanganywa kila siku. Yote niliyoyasema, umri wa kuanza, miaka ya kurudia, mjadala wa faida na hasara, ni ya mtu asiye na dalili. Aliyeona damu kwenye choo, aliyeshika uvimbe kwenye titi, mwanamke anayetokwa na damu baada ya kukoma hedhi au baada ya tendo la ndoa, mtu anayekonda bila kujikondesha, huyo hayumo kwenye ratiba yoyote. Majibu safi ya mwaka jana hayamhusu, na miaka 32 si sababu ya kuambiwa bado kijana. Akifika asiseme amekuja kuchekiwa afya, kwa sababu atapangwa foleni ya wazima na kupewa karatasi ile ndefu. Aseme damu ilianza lini, ni kiasi gani, na imejirudia mara ngapi.